Siku Kisilu Alipobadilisha Cheni

Kisilu alikuwa mwendesha boda boda wa Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, na alijisifu mbele ya kila mtu kwamba pikipiki yake haijawahi kuguswa na mkono wa fundi. Na kweli, kazi aliijua. Kuifanya kwa wakati ndiko kulikomshinda, na hapo, jamani, ndipo alipojiponza.

Seti mpya ya cheni na sproketi zake mbili, ile ndogo ya mbele na ile kubwa ya gurudumu la nyuma, aliinunua mwezi wa tatu, akaisukuma chini ya kitanda. Alitaka kuifunga Desemba, siku moja kabla ya kwenda kwao Kitui, ili aingie kijijini na pikipiki inayong'aa, isiyopiga kelele. Kwa hiyo cheni ya zamani ikilegea, anaikaza. Ikikataa kukazika, anatoa kipande kimoja na kuifupisha. Meno ya sproketi yalikuwa yamechongoka kama miba. Mkewe, Nzisa, alipouliza kwa nini kitu kipya kinalala uvunguni, aliambiwa aachane na mambo asiyoyajua.

Mwezi wa nne baba yake, mzee Kivuva, akaletwa Nairobi kwa ajili ya macho. Presha ya macho ilikuwa imeshalifunga jicho la kushoto, na daktari alisema wazi kwamba la kulia halina muda mrefu. Mzee aliomba kitu kimoja tu: apelekwe mjini, River Road, akalione jengo la ghorofa sita alilolibebea zege kwa karai ujanani, kabla Kisilu hajazaliwa. Tangu likamilike hakuwa amelirudia.

"Nikishaliona mara moja, basi," alisema. "Hata giza likija, nitakuwa nalo."

"Kesho, baba. Wacha nibadilishe cheni kwanza. Hii haifai kubeba mzazi."

Ati haifai kubeba mzazi! Cheni hiyo hiyo ilikuwa ikibeba watu wawili wawili tangu alfajiri, mpaka Riruta na kurudi, na gunia la viazi juu yake. Ukweli ni kwamba safari ya mjini ingemlia siku nzima, na Kisilu hakutaka kuwapoteza wateja wake. Lakini mzee aliamini. Akawa anawaambia majirani, kwa maringo kabisa, kwamba kijana wake hakubali babake abebwe na cheni mbovu. Kisilu aliyasikia hayo akiwa mlangoni, akaona haya, akawasha pikipiki akaenda zake. Nzisa alijitolea kumpeleka mzee kwa matatu, lakini mzee alikataa. Alitaka kupelekwa na mtoto wake.

Mwezi wa saba, asubuhi moja, mzee aliamka akauliza mbona leo hawajafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, na jua limejaa chumbani.

Hospitali walikwenda, wakaambiwa hakuna la kufanya. Jumamosi iliyofuata Kisilu aliamka, akaivuta ile seti kutoka uvunguni, akasimamisha pikipiki uani kwa stendi kubwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Moyo ulikuwa unamchoma, na mikono haikujua mahali pengine pa kwenda.

Mzee akaomba kiti, akaketi karibu, uso ameuelekeza kwenye mlio wa spana. Kisilu alibandua klipu inayounga ncha za cheni, cheni kuukuu ikaanguka chini. Akafungua kifuniko cha mbele, akatoa sproketi ndogo, akaweka mpya. Akachomoa gurudumu la nyuma, akafungua nati za ile kubwa, nayo akaibadilisha. Akarudisha gurudumu, akapitisha cheni mpya, akaifunga kwa klipu yake, akapima ulegevu wake kwa vidole viwili, akakaza. Alipozungusha gurudumu, halikutoa sauti hata kidogo.

"Mbona umenyamaza?" mzee akauliza. "Imekushinda?"

"Nimemaliza, baba."

"Umemaliza yote?"

"Yote. Cheni na sproketi zote mbili."

Mzee alisugua goti kwa kiganja.

"Aisee," akasema mwishowe. "Mimi nilidhani ni kazi ya siku nyingi."

Kisilu aliitupa spana chini. "Vaa koti, baba. Twende mjini sasa hivi. Nitasimama mbele ya hilo jengo nikueleze kila kitu, dirisha moja moja."

"La, mwanangu. Hayo utaniambia siku nyingine." Mzee alisema kwa upole, bila kinyongo chochote. "Asubuhi bado mbichi. Nenda kazini, wateja wasikukose."

"Sawa, baba," Kisilu akajibu, akijitahidi sauti isitetemeke. Akasimama pale pale mbele ya mzee, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na hakujisumbua kuyapangusa.