Posa Iliyokosa Mwitikiaji

Nimeolewa na watu wa visiwa vya delta, wakata boriti za mikoko, wastaarabu mno. Ustaarabu wao nusura uniue.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Baba yangu, Mmatumbi wa Nyamwage, alishika lake: binti yake ataposwa kwa Kimatumbi. Kiswahili alikijua sana, ila kwake kilikuwa cha kununulia chumvi Mohoro na kumjibu karani wa serikali. Wakwe zangu walijua Kindengereko na Kiswahili, basi. Wangejifunza posa nzima upya, mimi ningezeeka. Wakaazima mshenga wa kwetu, mzee aliyeijua posa yetu tangu salamu hadi dua. Kazi yao ilikuwa kumpa jina la kijana, jina langu na ukoo wao, kisha wangoje jibu: ndiyo au hapana. Ya katikati hayakuwahusu.

Asubuhi wakaketi barazani. Mimi na shangazi tulikuwa nyuma ya kiambaza, tumetega masikio. Mshenga akasema maneno ya kwanza, akanyamaza. Akangoja.

Kwetu, msemaji wa jambo zito huitikiwa na aliokuja nao, kila akipumzika. Neno lisiloitikiwa halijasemwa. Kwao, mzee akisema, unainamisha kichwa na kufunga bakuli lako. Basi wakainama. Mshenga akaanza upya. Wakainama zaidi. Akadhani wanamdharau, akanuna, akarudia kwa sauti kubwa. Mmoja wao karibu aguse mkeka kwa paji la uso.

Loo! Adhuhuri ikatukuta bado tuko kwenye salamu. Wakaenda kusali, wakarudi, wakainama. Nikamwomba shangazi atume mtu akawaambie waitikie. "Nyamaza we, mwali hana ulimi!" Akanifinya. Na baada ya alasiri walikuwa wanakuja watu wa tajiri mmoja wa Ngorongo, mzee mwenye wake zake na kikohozi chake. Baba alikwisha sema, hawa wakishindwa kumaliza, atawasikiliza hao. Mimi nilimtaka mkata boriti wangu. Nilimtaka, wallahi, hata chakula kilikuwa hakipiti.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ukawa mimi. Mshenga alipoanza tena, nikaitikia kule kule nyuma ya kiambaza. Akashtuka, akaendelea. Nikaitikia tena. Shangazi akaniziba mdomo, nikamng'ata kidole. Ukoo wao ukatajwa, nikaitikia. Nikasifiwa upole wangu, nikaitikia, shangazi akililia kidole chake.

Posa ikaisha. Wageni wakainua vichwa, hawajui hili wala lile.

"Ni ndiyo au hapana?" wakamwuliza mshenga.

Mshenga akamtazama baba. Baba akasema kwa Kiswahili, wote wasikie: "Anayeitikia ni wa upande wa waliokuja. Huyu si wangu tena. Mchukueni."

Nilikuwa nimejiandaa kupiga vigelegele. Nikasikia sauti ya baba ilivyokauka pale kwenye "si wangu", nikalia.