Nyumba ya Ruqia Pale Kisaju

Mama yangu, Ruqia, alikuwa na nyumba moja tu maishani mwake, na yote ilibebeka juu ya ngamia mmoja. Ilikuwa miti thelathini na miwili iliyopinda, iliyochimbwa kwenye mizizi ya migunga, mikeka tisa minene tunayoiita herio, na kamba. Mama yake na shangazi zake waliisuka mikeka hiyo mwaka mzima kabla hajaolewa, huko mashariki ya Wajir. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huoa, kisha hukaribishwa ndani.

Ukame ulimaliza mifugo, na mwaka huohuo baba akafariki. Mama akapanda lori la ng'ombe kuja Kitengela kwa kaka yake, Mowlid, mwenye duka, ambaye mimi humwita abti, yaani mjomba. Nilikuwa mtoto wa mgongoni. Abti hupenda kusimulia alivyotupokea.

"Nikamwuliza, Ruqia, umeacha sufuria zote huko ukanibebea kuni? Akaniambia, sufuria nimesikia ziko Kitengela."

Tulipanga chumba cha mabati kwa Keziah, mama wa kanisa mwenye ploti. Mama aliuza maziwa ya ngamia kando ya barabara ya Namanga, akiwa na mitungi miwili ya njano na kikombe kimoja cha kupimia. Kila mara mvua ikikatika aliitoa miti nyuma ya nyumba, akaisimamisha uani, akachoma ubani ndani mpaka mikeka inukie, akakaa humo alasiri moja, akaswali, kisha akaivunja na kuifunga tena. Wapangaji wengine walidhani ni dua ya aina fulani. Labda ilikuwa.

Keziah ndiye aliyepeleka jina la mama kwa kamati ya maonyesho ya Kisaju. Kila Agosti, shule zikifungwa, uwanja wa Kisaju hujaa watu. Kila kabila hupewa sehemu yake ya kuonyesha mambo yake: vyakula, ngoma, mifugo, mizinga ya nyuki, nyumba. Watu hutoka mpaka Magadi. Mwaka wa kwanza mama aliisimamisha nyumba yake mbele ya watu kwa muda wa saa moja, peke yake, bila kupumzika, na watu waliokuja kutazama fahali waliacha fahali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliona wazee wazima wakikuna vichwa. Ilikuwa kama kuangalia mtu akisuka nywele za jitu. Mti mmoja ulisimama, wa pili ukauegemea, na ghafla palikuwa na chumba mahali ambapo palikuwa na upepo tu.

Kiswahili cha mama kilikuwa cha maziwa: bei, kipimo, "karibu", "kesho". Kwa hiyo kazi ya kuwaeleza wageni ilikuwa yangu. Nilisimama mlangoni na kusema, "Mabibi na mabwana, hii ni nyumba ya wafugaji wa kaskazini, na mafundi wake ni wanawake." Nilisema hivyo miaka kumi na mmoja. Nilijua kueleza kila kitu. Sikuwahi kufunga hata fundo moja.

Jirani yetu uwanjani alikuwa Nasieku, mama wa Kimaasai kutoka Bisil, ambaye alijenga nyumba ya kwao kwa fito na kuikandika kwa samadi. Kwao pia nyumba ni kazi ya mwanamke. Akimaliza yake alikuja kukaa na mama. Kwa pamoja walikuwa na maneno labda arobaini ya Kiswahili, na waliyatumia kwa kucheka tu. Nilidhani wanawacheka wageni. Siku hizi nafikiri walikuwa wananicheka mimi.

Aprili mwaka huu moyo wa mama ulichoka. Kitandani hospitalini alinishika kidole, si mkono, kidole, akasema kwa Kisomali, "Agosti isimame. Usiiache ilale." Alituacha Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu ampe nyumba Peponi, nyumba asiyohitaji kuihamisha.

Julai abti alinijia na neno ambalo sikuweza kulikataa kirahisi, kwa sababu lilikuwa neno la dini.

"Fosiya, nyumba isiyo na mtu wa kuisimamisha ni kuni. Jiko la madrasa halina kuni. Tukitoa miti hii, kila mtoto akila, Ruqia anapata thawabu. Wewe unaona kosa gani hapo?"

"Sioni kosa, abti. Lakini aliniambia isimame Agosti."

"Unajua kuisimamisha?"

"Nimeiona miaka kumi na mmoja."

"Mimi pia nimeona ndege miaka mingi," alisema. Kisha akalainika. "Haya. Ikisimama Kisaju, ni yako. Isiposimama, Jumatatu inaenda madrasa."

Wiki nzima niliiandaa. Niliitoa miti na kuiosha kwa sabuni, kwa maana ilikuwa nyeusi kwa moshi. Juu yake kulikuwa na vipande vya kamba kuukuu za magome, vimefungwa hapa na pale, vichafu, vinaning'inia. Nikavikata vyote kwa kisu. Nilinunua kamba mpya za nailoni, rangi ya buluu. Nilitaka nyumba ya mama ipendeze. Nililia nikiosha, na kila nilipolia nilisugua zaidi.

Siku ya maonyesho tulifika Kisaju saa moja asubuhi kwa pikapu ya abti. Agosti pale ni baridi na upepo wa vumbi. Wageni walitarajiwa saa nne. Abti alikunja kikoi chake mabegani, akaketi juu ya mtungi. Nikasema Bismillahi, nikasimamisha mti wa kwanza na wa pili, nikafunga. Nailoni ikateleza. Nikafunga tena kwa nguvu. Mti wa tano ulipoingia, yote ililala chini taratibu, kama ngamia aliyechoka.

Munguti, Mkamba wa mizinga ya nyuki aliyekuwa upande wa pili, akapaza sauti. "Fosiya! Hiyo ni nyumba ama ni mwavuli umegeuzwa na upepo?"

"Chunga nyuki zako, Munguti."

"Nyuki zangu ziko na nyumba, asante."

Nilicheka, kisha nikajaribu tena. Nilifika mti wa tisa. Ilianguka tena, na safari hii mti mmoja ulinichapa kwenye goti. Ilikuwa saa mbili na nusu. Abti alitazama saa yake, halafu akatazama pembeni ili nisimwone akitazama.

Nasieku alikuwa juu ya paa la nyumba yake, mikono imejaa samadi hadi kwenye viwiko. Aliteremka, akaja.

"Takwenya, nakerai," alinisalimia kwa Kimaasai, akiniita mwanangu.

"Iko, yeyo," nikajibu, nami nikimwita mama.

"Mama yako nilisikia. Pole. Nililia kwa gari mpaka dereva akauliza kama niko na shida ya tumbo." Aliinama juu ya miti, akaigusa mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukabadilika. "Wapi ile kamba ilikuwa hapa? Ile mzee, ya kufungwa?"

"Nimeikata. Ilikuwa imechakaa."

"Woi. Nakerai, umetoa macho yake."

Akanieleza kwa maneno yake machache. Mama hakuwa akifungua mafundo yote. Aliacha kipande kwenye kila mti, mahali ambapo mti huo hukutana na mwenzake. Hivyo ndivyo nyumba ilivyojua kurudi kama ilivyokuwa, miaka yote, hata gizani, hata penye upepo. Na mimi, niliyesoma mpaka kidato cha nne, nilikuwa nimefuta kitabu chake kwa sabuni na kisu.

Niliketi chini. Sikuweza kumtazama abti. Nilimwambia Mungu moyoni, Ya Rabbi, nimeiua mimi.

"Simama," Nasieku alisema. "Wewe si unasomanga? Soma hii miti."

"Nisome nini?"

"Sijui. Mimi sikuenda shule. Angalia."

Niliuinua mti mmoja juani. Jua lilikuwa limechomoza kidogo kwenye mawingu. Mti ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka thelathini, moshi wa moto wa Wajir na wa ubani wa Kitengela, moshi ambao sabuni yangu haikuuweza. Lakini mahali pamoja palikuwa na pete, nyeupe, safi, upana wa vidole viwili, ambayo wakati wa kuosha niliidhani doa tu. Chini kidogo, pete nyingine. Nikachukua mti wa pili. Pete tatu. Wa tatu, pete moja karibu na ncha. Pale kamba ilipokaa, moshi haukuingia. Kila fundo alilofunga mama lilikuwa limeandikwa kwenye mti, na kisu changu hakikufika huko.

"Subhanallah," nilisema. "Abti, njoo uone. Njoo!"

Alikuja. Alipitisha kidole gumba kwenye pete moja, akaizungusha, akarudi pale alipoanzia.

"Sasa," Nasieku alisema, "wewe soma, mimi nakumbuka. Ruqia alianza na huyu mnene. Alikuwa anaita yeye mzee. Anasalimia yeye kwanza."

"Alikuwa anasoma Bismillahi, yeyo."

"Ndiyo. Salimia."

Nilisalimia. Nasieku alitupa nailoni yangu pembeni ("hii ni ya kuanika nguo"), akaleta beseni la magome ya mgunga aliyokuwa ameyaloweka kwa ajili ya nyumba yake. Magome mabichi hujikaza yakikauka. Alinishika vidole akaniongoza: zungusha, pitisha chini, vuta, kaza. Mikono yake ilinuka samadi na yangu ikanuka hivyo pia. Tulilinganisha pete kwa pete. Pete ya mzee ilikutana na pete ya jirani yake na miti ikatulia, kama watu wanaopeana mkono baada ya miaka mingi. Munguti aliacha mizinga, akaja kusimama, hata mzaha ukamwishia.

Upepo ulipiga na nyumba haikuyumba. Saa nne na robo tulipandisha mkeka wa tisa.

Wageni walikuwa wameshafika, umati mkubwa, wakingoja maelezo. Nilikuwa ndani, juu ya kigoda, nikifunga fundo la mwisho la paa, siwezi kuliachilia. Nikasikia sauti ya Nasieku mlangoni, kwa Kiswahili chake cha maneno arobaini.

"Hii ni nyumba ya Ruqia. Yeye hayuko. Nyumba iko. Toa viatu."

Abti aliingia wa kwanza. Alivua viatu, akaketi pale mama alipozoea kuketi, akavuta pumzi. Ubani ulikuwa bado kwenye mikeka. Alifunika uso kwa kikoi, mabega yakatikisika, nami nikaendelea kukaza fundo.

Jioni tuliivunja. Nasieku alisimama juu yangu kama mwalimu. Nilifungua kila fundo nusu tu, na kwenye kila pete nikaacha kipande cha gome la Bisil. Abti alibeba miti mwenyewe mpaka kwenye pikapu, miwiliwili, ingawa mgongo humuuma.

"Kuni za madrasa nitatafuta kwingine," alisema. "Na hii usiweke tena nyuma ya nyumba, mvua inapigapiga huko. Lete dukani kwangu, nitatoa nafasi."