Hodi ya Tanuu

Harufu ya chokaa inayochomwa huanzia puani na kuishia kooni, kavu, yenye uchungu kidogo, kama vile umelamba ukuta mpya. Kwetu Micheweni, miaka michache kabla ya Mapinduzi, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya kiangazi. Ardhi yetu ni mawe matupu. Udongo umejificha kwenye vishimo, na ndani ya kila kishimo kuna kitu kinachong'ang'ania uhai: shina la mtama, mshubiri ulionenepeshwa majani na maji yake wenyewe, mdaa uliopindwa na upepo. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alipenda kutusimulia majangwa ya Arabuni. Nami, msichana hodari wa kuota macho wazi, nilikuwa nikiyatazama mawe yale meupe mchana wa jua kali nikingoja ngamia watokee.

Kiangazi kile Baba aliazimia kutujengea nyumba ya mawe. Nyumba ya mawe inataka chokaa, na chokaa inataka kuni. Basi yeye na mdogo wake, ami Hamadi, wakaingia na mapanga katika kichaka cha nyuma ya nyumba yetu ya udongo, wakakata karibu nusu yake. Kuni wakazipanga duara hadi kufika kifuani kwa mtu mzima, juu yake wakapanga mawe, na upande wa upepo wakaacha tundu la kutilia moto. Tanuu hilo la kuchomea chokaa likaachwa likauke. Palipokuwa na kichaka pakabaki peupe. Mijusi wakawa wanakimbia huku na huko kama watu waliopoteza ufunguo. Njiwa walikuja jioni, wakazunguka, wakaenda zao. "Sasa bado ngamia tu," ami akanitania. Nilicheka, ila moyo wangu haukucheka.

Siku ya kuwasha, majirani walikuja kusaidia kama ilivyo ada, na mawingu ya masika yalikwisha kuanza kujikusanya. Baba alikuwa ameshika makuti yanayowaka. Mimi nilichungulia tundu, na ndani mle macho mawili yakanichungulia. "Baba, kuna mtu ndani!" Watu wakaangua kicheko. "Huyo na ndoto zake!" akasema ami. Baba akaniambia niondoke. Sikuondoka, nilikaa kitako palepale mbele ya tundu, nikaliziba kwa mgongo wangu, nikalia kwa sauti. Ami alikuwa ameshanishika mkono anivute, ndipo mgongoni kwangu kitu kikapiga chafya.

Baba akainama. Alikuwa paa, yule mdogo wa vichakani, na ubavuni pake kitoto ambacho manyoya yake hayajakauka. "Yakhe, kitoweo kimejileta jikoni chenyewe!" ami akapiga kelele. Bibi yangu, mama yao, akaja na bakora yake. "Huyo ni mzazi. Zimeni makuti yenu."

"Mama, mzazi si hukaa arobaini? Masika yatatukuta!" ami akadakia.

"Basi mpeni saba, kama mtoto wa mtu, kisha mtoto atolewe nje. Nyumba yake mmeikata wenyewe. Mlitaka akazalie wapi, barazani kwangu?"

Baba aliyatazama mawingu kwa muda mrefu. Mvua ikilowesha tanuu, kazi ya kiangazi kizima imepotea na nyumba hakuna. Kisha akayakanyaga makuti mpaka yakazimika.

Tangu hapo, kila alfajiri Baba aliangalia mbingu kabla hajamwamkia mtu. Mvua ilidondosha matone, ikasita, ikapita. Bibi alikuwa akiacha majani ya viazi karibu na tundu, nami nikawa mlinzi wa kuwafukuza watoto wenzangu. Siku ya saba tuliona nyayo vumbini, za mama na za mtoto, zikielekea kwenye kichaka kilichosalia. Hata hivyo Baba akainama kwenye tundu: "Hodi!" Kimya. "Hodi, mama wee!" Ami alicheka hadi akakaa chini. Chokaa ilitoka nyeupe pe, na mvua ilipomwagika ilikuta tumekwisha kuiweka chini ya paa. Kichaka kilichosalia Baba hakukikata tena.

Siku hizi watu hujenga kwa saruji ya dukani, na mawe meupe yameenea kuliko enzi zile. Vichaka vimeishia kwenye mkaa. Nilidhani yote yamekwisha. Lakini mwaka jana nilimkuta mtoto wa kaka yangu akitaka kuchoma rundo la matawi aliyoyafyeka shambani. Kabla ya kuwasha, akainama: "Hodi!"

"Unampigia nani hodi?"

"Sijui, shangazi. Babu ndivyo alivyokuwa akifanya."

Akatoa kiberiti. Nikamshika mkono. "Ngoja kidogo basi," nikamwambia. "Pengine mwenyewe bado anajifunga kanga."