Samaki wa Kwa Banyama

Sisi tuliokulia Bukavu wakati bomba lilikuwa bado linatoa maji kila asubuhi, Jumapili tuliijua kwa pua. Kwanza ubani wa misa, kisha sombe la Maman, majani yale ya mihogo, likichemka na mawese, halafu, mchana, harufu ya makako, yaani kima, ya majani yaliyolowa na ya samaki wabichi. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu. Mji mzima ulipaita Kwa Banyama, na hakukuwa na mtoto wa Kadutu wala wa Bagira ambaye hakuahidiwa angalau mara moja kwamba akitulia kanisani atapelekwa huko.

Haikuwa bustani ya wanyama ya serikali. Ilikuwa ya familia. Babu yangu aliianza na kobe, pamoja na korongo waliovunjika mabawa ambao wakulima wa Nyangezi walimletea. Papa, aliyekuwa mwalimu wa biolojia, akaikuza. Kwenye mteremko wetu wa Muhumba, kati ya barabara na ziwa, mabanda yalishuka kama ngazi: makako juu, chatu katikati, chini nungunungu aliyelala mchana kutwa. Tulikuwa na kasuku wa Shabunda aliyetukana wageni kwa Kilingala, na mamba aliyeletwa kutoka bonde la Ruzizi akiwa bado mdogo kama mjusi. Ziwa letu halina mamba, kwa hiyo majirani walimwogopa sana. Kila mvua kubwa ikipita, walituma mtu kuuliza kama bado yuko.

Maman ndiye alikaa mlangoni, kwenye kiti cha mbao, na kitenge magotini. Aliyekosa pesa aliingia na maganda ya ndizi, au na fungu la lenga-lenga, mchicha wetu, la kulisha kobe, na Maman alilipokea kwa heshima ileile. Shuleni walinicheka eti nanuka kobe. Nilipolia, Papa hakunibembeleza. Aliniambia niende kuosha banda, halafu akaongeza neno alilokuwa akilirudia kila mara: "Nyinyi mukikosa chakula mutaenda kuomba kwa jirani. Ile iko ndani ya banda itaenda kuomba wapi?"

Vijana wa leo wanamtazama simba kwenye telefone na kumfuta kwa kidole kabla hajamaliza kunguruma. Sisi tulimsubiri nungunungu aamke. Tulichuchumaa mbele ya waya alasiri nzima, mara nyingi hakuamka, na tulirudi nyumbani tukisema tumemwona.

Lakini waliotoka mbali hawakuja kwa ajili ya nungunungu. Walikuja kwa ajili ya chumba cha samaki. Kilikuwa chumba kirefu chenye giza, na masanduku ya vioo kila upande, kila moja na taa yake juu. Papa alikuwa amewaleta samaki wale kutoka ziwa jingine, Tanganyika, kwenye miamba ya upande wa Uvira: wa manjano, wa buluu, wenye milia kama sare ya shule. Pampu ndogo ilitia hewa majini ikinguruma mchana na usiku. Mtu akiingia mle alinong'ona bila kuambiwa, hata wanajeshi.

Chumba hicho kilikuwa cha dada yangu Nabintu. Hakupewa na mtu, alikichukua tu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye maneno machache, na wenzake walipocheza nzango uani yeye alikuwa ndani akifuta vioo. Kulikuwa na jike mmoja wa milia aliyebeba vitoto vyake mdomoni kila palipotokea hatari. Nabintu aliweza kusimama mbele yake hadi bugali bwake bupoe mezani.

Halafu vita ikaingia mjini. Wa rika langu hawahitaji kusimuliwa, kila mmoja ana mlango wake aliojificha nyuma yake. Risasi zilipotulia, Jumapili hazikurudi. Watu walitoka misa wakaenda moja kwa moja nyumbani, na Maman akakaa mlangoni bila mtu wa kumpokea. Tulianza kula mara moja kwa siku, na wanyama wakala chini ya hapo. Korongo walikufa kwanza, kisha makako, wakiwa wamekumbatiana pembeni mwa banda. Chatu alitoroka, au aliibwa, hatukujua. Asubuhi moja wanaume wenye bunduki waliingia kumchukua mamba. Maman alituita ndani akafunga madirisha, tukasikia milio, na baadaye vicheko. Papa hakutoka hadi wameondoka. Alipotoka, alichukua ufagio akafagia pale damu ilipokuwa, polepole, kama mtu anayefagia kanisa.

Samaki walikuwa bado hai. Chakula chao kilikuwa kidogo, na Nabintu aliwatafutia minyoo chini ya migomba. Lakini umeme ukakatika, si kwa siku moja kama tulivyozoea, na pampu ikanyamaza. Kufika jioni samaki walikuwa wamepanda juu wote, midomo nje, wakimeza hewa.

Nabintu ndiye aliyepata wazo. Alichota maji ya sanduku kwa kopo la maziwa, akayamwaga tena kutoka juu ili yaingie na hewa. Kopo baada ya kopo. Mkono ulipomchoka nilimpokea mimi, kisha Maman. Kesho yake watoto wa majirani walikuja, kila mmoja na kopo lake, na tukagawana masanduku. Waliimba nyimbo za kwaya ili mikono isilegee. Nje kulikuwa na vizuizi na uvumi, baba wengine hawajaonekana tangu vita ianze, lakini ndani mle watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimwaga maji na kuimba. Nasema ukweli, katika utoto wangu wote sikuwahi tena kuwa na furaha ya namna ile.

Haikutosha. Mikono ya watoto si pampu. Familia nyingine zilihama kwenda Kavumu na kwingineko, watoto wakapungua, na kila asubuhi tulikuta samaki wameelea. Mwisho wakabaki wa sanduku moja, na jike wa milia akiwa kati yao.

Siku hiyo Nabintu aliwatia kwenye ndoo akateremka nao ziwani. Nilimfuata. Papa alituona kutoka juu akashuka mbio. Alitukuta Nabintu ameingia majini hadi magotini, ndoo kifuani.

"Rudi nayo," Papa akasema.

"Huku kuko maji, Papa. Mule ndani banakufa."

"Hizi samaki haziko za hapa. Zikizaa humu, zitakula mayai ya zenye ziko. Na hakuna mutu atazitoa tena."

Nabintu hakuwa mtoto wa kujibu. Siku hiyo alijibu. "Samaki ya sambaza nayo ilitoka Tanganyika, bakaileta humu. Na tunaikula kila siku."

Papa alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. "Njo vile," akasema, akilikubali neno lake. "Na ilikula nini mbele ya sisi kuikula? Hatujui. Ukizimwanga, wewe utalala na roho safi. Ziwa njo itabaki na kazi."

Hakumnyang'anya ndoo. Angeweza. Nabintu alisimama pale muda mrefu, kisha akatoka majini, akakaa juu ya mawe na ndoo kati ya miguu yake, akiyakoroga maji kwa mkono. Papa akakaa jiwe la pili. Samaki walikwenda mmoja mmoja, na jike wa milia alikuwa wa karibu na mwisho, mdomo wazi, hana kitoto ndani. Papa aliwazika kando ya lenga-lenga. Maman, ambaye jioni hiyo hakuwa na kitu cha kutia sufuriani, alitazama shimo likifukiwa.

Tangu siku hiyo Nabintu alimjibu Papa alipoulizwa, basi. Alipomaliza sekondari alikwenda kusoma Lubumbashi, akaolewa huko, akabaki. Alituma salamu kwa Maman, alituma dawa, alituma picha za watoto. Papa alizitazama picha hizo kwa miwani, akazirudisha kwenye bahasha.

Papa alikufa hivi karibuni, mzee, kitandani mwake. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa na barabara hazikuaminika, kwa hiyo Nabintu alifuata mazishi kwa telefone niliyoishika mimi. Watu walipotawanyika, nilimuuliza kama anataka nimwonyeshe tena kaburi. Akasema hapana.

"Papa alikuwa na haki," akasema. "Njo vile. Lakini mi nilikuwa mutoto."

Kisha akaniambia niwasalimie watoto, akakata.

Mteremko wetu sasa umejaa nyumba za ghorofa. Juzi niliwapeleka wanangu chini, tukasimama kwenye mawe. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji ya ukingoni hayakuonekana kwa chupa, mifuko na sandali za plastiki, zikipanda na kushuka pamoja. Nilitaka kuwaeleza kwamba mtu mmoja alikaa hapa akawaacha samaki wafe, na binti yake akimtazama, kwa sababu alilionea ziwa huruma. Mdogo wao alikuwa amemaliza juisi yake. Aliitupa chupa majini, bila ubaya wowote, kama wanavyofanya wote, akanishika mkono akauliza kama tunaweza kurudi nyumbani.