Shimo la Mskoti pale Getini

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyoingia uwanjani kwa kupanda ukuta ilhali geti lilikuwa wazi kabisa. Wewe cheka, una haki. Lakini ukimaliza kucheka utazame huu mguu wangu wa kushoto, kisha uniruhusu nikueleze.

Kwanza nikiri kitu. Mimi ni mtu wa kushuku. Nauza viatu vya mpira vya mtumba pale sokoni Muthurwa, na mteja akinisifu sana kabla ya kuuliza bei, mkono wangu wenyewe unashika kamba za vile viatu bila kuambiwa. Marehemu mama alinilea hivyo hapa Mbotela. Wasiwasi ndio akili, alikuwa akisema, na mtaani kwetu hakukuwa na mtu wa kumbishia. Kwa hiyo sikuja kukuambia umwamini kila mtu. Hata mimi usiniamini mpaka nimalize.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nahodha na kiungo wa timu yetu ya mtaa. Kiungo ni yule anayecheza katikati. Hafungi sana, hazuii sana, lakini mpira lazima upitie kwake kama habari za mtaa zinavyopitia kwa mama muuza mboga. Basi siku moja akatokea mzungu mrefu, mwembamba, pua imeungua na jua, akasema anaitwa Alasta, ametoka Uskoti, amecheza kiungo kwao miaka kumi na sita kwa kulipwa, na sasa angependa kutufundisha. Bure.

Hilo neno bure ndilo lililonikaa kooni. Mtu aliyecheza mpira wa kulipwa Ulaya anatafuta nini kwenye vumbi letu? Mbona hana hata picha moja? Tulimuuliza alishinda kombe gani, akacheka, akasema, "Hakuna." Timu ya taifa je? "Mara moja. Kukaa benchi." Tukatazamana. Tapeli wa kawaida angejisifu. Huyu asiyejisifu, nikasema moyoni, ni tapeli aliyesoma. Na lililonimaliza kabisa ni kwamba alikuwa amepanga chumba Donholm, mtaa wa jirani, na vijana wa Donholm ndio waliokuwa wapinzani wetu wakubwa.

Kazi aliijua, hilo siwezi kumnyima. Alinifundisha kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujanifikia, na mpaka leo nikivuka Jogoo Road shingo inazunguka yenyewe. Kwa mafunzo yake tulifika fainali ya mashindano ya mitaa, na tungecheza na hao hao wa Donholm. Habari ikaja kwamba watu wa klabu moja kubwa, klabu ya kampuni, wangekuja kutazama, na walikuwa wakitafuta kiungo mmoja tu. Wakati ule kuchezea klabu ya kampuni kulikuwa ni kupata ajira pia. Mimi sikuwa na kazi, baba alikuwa ameshatutoka, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne. Nilitaka wale watu wanione kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya fainali, nilipita karibu na uwanja wa shule ambako tungecheza. Nikamwona Alasta peke yake. Anatembea taratibu, anainama, anaokota kitu, anakitia kwenye mfuko mweusi wa nailoni. Hatua mbili, anainama tena. Nikajibanza nyuma ya kibanda cha makaa nikamtazama mpaka akauzunguka uwanja wote. Kisha akaja getini, akapiga magoti kando ya nguzo, akachimba shimo kwa mwiko wa fundi mwashi, akamimina vilivyokuwa mfukoni, akafukia, akapigapiga udongo kwa kiganja. Halafu akatazama kulia na kushoto. Hilo la kutazama kulia na kushoto ndilo nililoliapia.

Wewe ni mtoto wa sasa, labda hujui geti lilikuwa na maana gani kwetu. Timu za mitaani ziliogopa geti, na nyingine bado zinaliogopa, usidanganywe na jezi nzuri. Iliaminika kwamba ukitaka kuishinda timu kabla haijagusa mpira, unazika kamuti pale itakapokanyaga, na uchawi ule unawalegeza miguu. Kwa hiyo kuna timu zilizoingia uwanjani kinyumenyume, na nyingine zilitoboa ua zikapita huko. Mimi nilikuwa naimba kwaya kanisani kila Jumapili, na bado geti nililiogopa. Mungu nilimwachia mambo makubwa, haya ya mpira nikayashughulikia mwenyewe.

Nikawakimbilia wenzangu. "Mzungu ametuuza," nikawaambia. "Nimemwona na haya macho. Amezika kitu getini."

"Zii! Kwa geti?" kipa wetu akaruka. "Hiyo ni kamuti, buda. Hao wasee wa Donholm wamemnunua."

Mmoja tu ndiye hakushtuka. Huyo alikuwa rafiki yangu Swaleh, mtoto wa mama muuza viazi karai, kiungo wa akiba aliyesubiri mimi nichoke ndipo aingie. "Sasa si umuulize tu?" akasema. "Yuko hapo, mdomo anao, Kiswahili anajua."

"Mwizi haulizwi," nikamjibu. Na papo hapo nikaanza kumshuku Swaleh naye. Kwani nani angefaidika nisipocheza? Lisemwalo lipo, nikajiambia, nikasahau kwamba aliyekuwa akilisema ni mimi mwenyewe.

Ijumaa Alasta alinishika bega akaniambia amewaeleza wale watu wa klabu habari zangu. Swali lilinifika kwenye ulimi, nikalimeza. Nikawaza, ala, kumbe anajuana nao! Basi atakuwa ameshawaambia nisichukuliwe. Jumamosi nilimwona tena, akanisalimia, nikaitikia nikitazama chini. Ukishamhukumu mtu, mwanangu, hata salamu yake unaiona ushahidi.

Jumapili ikafika. Alasta alikuwa amesimama getini, jezi zetu begani, anatungoja. Sikumwendea. Niliwaongoza wenzangu tukazunguka nyuma hadi kwenye ukuta wa shule. Juu yake, kama kuta nyingi za mitaa yetu, vilikuwa vimepandwa vipande vya chupa kwenye simiti. Tukatupa magunia juu. Swaleh akatutazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi napita mlangoni." Akarudi peke yake, akapiga bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akaingia. Mimi, nahodha, nikapanda wa kwanza, na gunia likateleza.

Sitakueleza yote. Kipande cha chupa kilinikata nyuma ya kisigino, kwenye ile kano nene, na nilipotua upande wa pili mguu haukunisikiliza tena. Nilipiga ukelele ambao nasikia ulifika mpaka barabarani.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Alasta. Alitupa jezi chini, akavua shati lake, akanifunga nalo, akanibeba mgongoni mpaka zahanati. Na mimi, mwanangu, juu ya mgongo wa mtu yule, damu yangu ikimchuruzikia suruali, bado nilikuwa nawaza: ananipeleka wapi huyu?

Daktari alipoanza kushona, maumivu yakanifungua mdomo. "Ulizika nini pale getini?" nikamuuliza.

Mwanzoni hakunielewa. Kisha akaelewa, na uso wake wote ukabadilika. "Chupa," akasema. "Chupa na misumari. Mimi natafuta pipa ya taka, hakuna. Nafukia kando ya nguzo, hapo mtu hapana kanyaga. Watoto wengine nacheza bila viatu."

Nilitamani daktari aache kisigino anishone mdomo.

Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, jinsi alivyoanza. Klabu ya mji wao mdogo ilimchukua akiwa na miaka kumi na sita, na kazi ya kwanza haikuwa kucheza. Kwao kijana mwanagenzi alisafisha viatu vya wakubwa, akafagia majukwaa, na yeye aliongezewa kutembea uwanja mzima kila asubuhi kuokota chochote cha kumkata mtu. Akakua, akawa kiungo wa kikosi cha kwanza, akawa nahodha, na bado aliendelea kuokota. Wenzake walimcheka. Ndiyo maana, akasema, akiifanya kazi hiyo hutazama kama kuna mtu anayemwona.

Halafu akanipa jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote pale mtaani. Alipokuwa amecheza miaka kumi na miwili, klabu ilimleta kiungo kijana. Alasta akamwona kijana yule akiitana na kocha faraghani, mara moja, mara mbili, akashuku kwamba anamchimba ili achukue nafasi yake. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa ya kupanda daraja. Dakika za mwisho kijana alikuwa peke yake mbele ya goli, ameinua mkono, anaomba mpira. Alasta akamnyima, akapiga mwenyewe, akakosa. Baadaye ndipo alipojua kwamba kijana alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda kumtazama mama yake mgonjwa. Alasta alicheza miaka minne mingine mpaka akaangika daluga, na daraja lile hawakulipanda.

"Mimi sikuuliza," akasema. "Nafikiri najua yote. Na wewe, Kariuki, siku tatu umeniona. Kwa nini hukuuliza?"

Nilimdhania ndiye, kumbe siye.

Uwanjani Swaleh alicheza nafasi yangu. Watu wa klabu wakampenda, wakamchukua, akacheza miaka tisa na kuwasomesha ndugu zake. Mimi mguu ulipona wa kutembelea, wa mpira haukupona. Nilimwonea Swaleh kijicho, nakwambia wazi, na mwaka mzima niliamini alijua siri ya shimo akaninyamazia. Siku nilipopata ujasiri wa kumuuliza, alinitazama kwa huzuni. "Sikujua lolote, Kariuki," akasema. "Nilikwambia umuulize, ukaniambia mwizi haulizwi." Nikalia mbele yake bila haya.

Alasta alikuja kunijulia hali kila Jumamosi mpaka nilipoweza kusimama. Miaka miwili baadaye akarudi kwao na sikusikia habari zake tena. Mtaa mzima ulinisikia nikimwita msaliti, lakini radhi nilimwomba mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, tukiwa wawili. Hilo linaniuma kuliko kisigino.

Basi sikiliza. Shuku, mwanangu, sikukatazi. Akija mtu na simu yake anakuahidi Ulaya kesho kutwa, mshuku. Akikwambia usimweleze mama yako, mshuku mara mbili, kisha unieleze na mimi. Lakini shaka yako mpelekee mwenyewe kwanza, mchana, macho kwa macho, kabla ya kuwapelekea wenzako. Akiwa mbaya, utamwona anavyobabaika. Akiwa mwema, utakuwa umemwokoa yeye na umejiokoa wewe. Kuuliza si ujinga, na majuto ni mjukuu, huja baadaye, na akija haondoki. Na ukigundua umemsingizia mtu, umwombe radhi kwa sauti ile ile uliyomsingizia nayo, mbele ya watu wale wale.

Mungu akulinde na wabaya, na akulinde zaidi usiwaone pale wasipokuwapo. Akupe miguu mizima na marafiki wa kukuambia ukweli hata ukiwakasirikia. Na siku utakapomkosea mtu mwema, amweke karibu, asiondoke kabla hujamwambia. Amina.