Funda la Kwanza

Hebu mwone akiingia uani kwetu Temeke, miaka ile ya kuitana ndugu, beseni la unga wa kimea kichwani na kaniki ya msiba mwilini. Mjane yule hakuwa amewahi kupika pombe kabla ya hapo; alianza kwa sababu watoto walikuwa wanalala na njaa. Uji wa komoni, ile pombe yake ya kimea, ukipoa, alikuwa akichovya kidole kidogo kupima joto, kisha anakifuta haraka kwenye kaniki, asije akakilamba. Chachu ikianza kufurukuta, aliinamia pipa na kulisemesha kwa sauti ya chini: "Taratibu, baba, taratibu." Sote pale uani tulijua kwamba juu ya kaburi la mumewe, aliyemalizwa na pombe, aliapa kileo hakitapita kooni mwake.

Siku ya kuuza, mabenchi yalijaa. Kata ya kwanza alimpa Albano, mchonga vinyago, naye akamrudishia huku akicheka. "Mama, kwetu mpishi ndiye anayetoa sumu. Onja kwanza!"

"Mie situmii, kaka."

"Basi na sie hatutumii!" Watu wakaangua kicheko, wengine wakaanza kuinuka. Akawatazama, akalitazama pipa lililojaa. Akatugeuzia kisogo, akameza funda moja, akajifuta midomo kwa kaniki. "Haya, karibuni," alisema, na vikombe vyote vikanyooshwa.

Sasa niambie wewe, msomaji wangu: kiapo kile kilivunjwa na koo lake, au na mkono uliomrudishia kata?