Niliyegombana na Mtani Msibani

Siku tuliyomzika mama yangu naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Nakumbuka moshi wa kuni mbichi, tope la njia ya kupandia kwetu juu ya Matombo, na woga uliokuwa umenikaba tangu alfajiri. Kifo nilikielewa. Watu ndio niliowaogopa, maana nyumba ilikuwa imejaa, na penye wengi pana mengi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa masokoni na viwanda vikaanza kupunguza watu. Mimi nilikuwa nashona sare katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, nimepanga chumba Mafiga. Cherehani yangu ilikuwa ya mwisho, karibu na ukuta, na sikutaka kukaa mahali pengine popote. Tulipopunguzwa kazini, wenzangu walilia mshahara, mimi nikalilia ule ukuta. Unaweza kucheka, hata mimi nacheka siku hizi. Lakini nilikuwa mtu mzima, na mambo ambayo wenzangu waliyajua bila kufundishwa, mimi nilikuwa bado nayatafuta kwa kupapasa. Watu wakicheka, nami nacheka. Wakinyamaza, nanyamaza. Methali nazo zilinitesa. Nikiwa mdogo niliambiwa mwenda pole hajikwai, nikajibu kwamba mimi nimejikwaa mara nyingi nikienda pole, nikala kofi la utovu wa adabu. Aliyenielewa alikuwa mama peke yake, na sasa mama alikuwa amelazwa chumbani, kafunikwa shuka.

Kwetu binti aliyefiwa huangua kilio tangu bondeni, watu wamsikie kabla hawajamwona. Mimi nilipanda kimya. Niliingia, nikaona miguu ya mama imefunikwa vibaya, nikaifunika vizuri, kisha nikatoka nje kuosha sufuria. Mikono yangu ilitaka kazi. Nikasikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Wa mjini huyo. Macho makavu." Mjomba Pius, kaka yake mama, naye alisikia. Nawe unajua kwa sisi Waluguru mjomba ana kauli gani juu ya watoto wa dada yake. Aliniangalia kwa muda mrefu, nami nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Saa nne hivi wakaja watani. Ukoo wetu una watani wake, watu wa ng'ambo ya bonde. Hao ndio wanaotuchimbia kaburi, ndio wanaowachekesha wafiwa, na lolote watakalosema msibani halikasirikiwi. Vijana wao walikwenda moja kwa moja migombani kuchimba. Nyuma yao akaja Bi Tekla, mama mnene wa makamo, amejifunga kanga ya mama yangu aliyoichukua kwenye kamba, anachechemea kama mama alivyokuwa akichechemea, anakohoa kama yeye, mkononi ana mwiko.

"Mimi ndiye marehemu," akasema kwa sauti. "Nimerudi niwataje walioniua. Sikufa kwa ugonjwa mimi, nimekufa kwa njaa." Akaninyooshea mwiko. "Huyu hapa, mwanangu wa Mafiga. Hata chumvi alininyima."

Watu wakaangua kicheko. Mwanangu, nilikuwa sijalala usiku wa kuamkia siku ile, na sauti zote zile zilikuwa zinaniingia kichwani bila kupungua. Nilitafuta kicheko changu sikukipata. Nilichosikia ni kwamba nimemuua mama yangu kwa njaa, na kwamba watu wote wamefurahi kusikia hivyo.

"Ni uongo," nikasema. "Chumvi nilileta. Nilileta na sukari na mafuta. Mama amekufa kwa ugonjwa wa moyo. Vua kanga yake."

Nikaishika. Yeye akadhani ni mchezo, akavuta. Nami nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kanga ya marehemu ikapasuka mbele ya watu wote.

Hapakucheka mtu tena. Habari zilifika migombani haraka kuliko mimi ninavyokusimulia, na wale vijana wakaweka majembe chini, kaburi limefika kiunoni. Mkubwa wao akaja uani akasema kwa upole kabisa kwamba hawana ugomvi na marehemu, ila utani umekataliwa, na mtani aliyekataliwa hachimbi. Binti aje amtanie Bi Tekla mbele ya watu, neno moja tu, wacheke, yaishe. Mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima. Mvua ikinyesha kaburi likiwa wazi vile, litajaa maji, na ukoo mzima utaona haya.

"Mtanie," Mjomba Pius akaniambia. "Sema chochote."

Nilisimama mbele ya Bi Tekla. Kutania ni kusema lisilo kweli kwa uso unaoonyesha kwamba si kweli. Hilo nalijua leo. Siku ile nilimtazama yule mama nikitafuta la kusema, na yote yaliyonijia yalikuwa ya kweli.

"Unanuka pombe," nikasema.

Ilikuwa kweli, na nilisema kwa uso mkavu. Wawili watatu walicheka kidogo, wakaacha. Bi Tekla hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama kama fundi anayetazama kitambaa asichokijua. Mjomba akanishika mkono akanipeleka jikoni.

"Kaa humu," akasema. "Mama yako tutamzika bila wewe. Machozi huna, heshima huna, utakwenda kaburini kufanya nini?"

Akafunga mlango. Nikakaa juu ya kigogo karibu na moto. Nilijua maana ya maneno yake, maana yeye alikuwa hatanii. Mama angeshushwa nami nikiwa pale pale, nasikia nyimbo tu, na udongo wangu usingekuwemo. Nikawa nayumba mbele na nyuma, kama nifanyavyo mambo yanaponizidi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bi Tekla. Akainama, akaketi chini kwenye majivu.

"Skola, hukujua kwamba natania?"

"Sikujua, mama."

"Na watu wote wanacheka?"

"Watu hucheka mambo mengi. Wakicheka na mimi hucheka. Leo nimeshindwa."

Akauliza, "Mbona misiba mingine ulikuwa unakuja, hukuwahi kugombana na mtu?"

"Mama alikuwa anakaa karibu yangu. Utani ukianza, ananibana mkono. Ukiisha, anaachia."

Nilipoyasema hayo ndipo nilipoelewa ni nani tuliyekuwa tukimzika. Nililia, mwanangu. Nililia mpaka nikakosa pumzi, humo jikoni, ambamo hamkuwa na mtu wa kuyahesabu machozi yangu. Bi Tekla hakunigusa wala hakuniambia nyamaza. Alingoja.

"Nisikilize," akasema nilipotulia. "Vijana nimewaambia wachimbe, mimi ndiye niliyetukanwa na mimi nimesamehe. Nitakwenda nikae ndani ya kaburi, niseme sitoki mpaka nipewe jogoo. Hapo natania. Mjomba wako ataniletea jogoo, nitasema ana kilema, ni aibu kumpa mtani. Hapo pia natania. Nitawatukana wote, na wewe nitakutukana. Kisha nitatoka, na nikitoka utani umekwisha. Hapo utatupa udongo. Hilo la udongo sitanii. Umeelewa?"

"Nimeelewa," nikasema. Maishani mwangu hapakuwahi kuwa na mtu, mbali na mama, aliyenieleza jambo kabla halijatokea.

Tulipofika migombani manyunyu yalikuwa yameanza. Bi Tekla akashuka kaburini, akaketi, akanitafuta kwa macho, halafu akapaza sauti: "Jamani, sikilizeni. Sasa natania."

Watu wakacheka kuliko walivyocheka asubuhi. Hawakuwahi kumsikia mtani anayetangaza utani wake, wakaona ni ufundi mpya. Akadai jogoo, akamkataa, akaniita bahili wa Mafiga. Nilisimama wima, nikasikia kila neno, na hakuna lililonichoma. Kisha akapanda juu, akajipangusa udongo, akasema, "Basi, utani umekwisha."

Sanduku likashushwa, katekista akasali. Nikainama kuchota udongo, na Mjomba Pius akanyoosha mkono kunizuia.

"Mwache," Bi Tekla akasema.

Mtu mmoja akacheka, akidhani bado tunaendelea.

"Sasa sitanii, Pius," akasema. "Mwache amzike mama yake."

Hapo hakucheka mtu. Mvua ilikuwa inaanza kupiga kwenye migomba. Mjomba akaushusha mkono, nami nikatupa udongo wangu juu ya mama.

Mjomba hakunisamehe. Mpaka anakufa alikuwa akisema nina moyo mgumu, na jambo hilo liliniuma, bado linaniuma. Laiti ningekuwa na neno la kumjibu. Neno lenyewe nililipata uzeeni, mpwa wangu anayefundisha watoto mjini aliponipeleka kwa daktari. Usonji. Daktari akaniuliza maswali asubuhi nzima, akasema nilizaliwa hivyo, si ugonjwa wa kurogwa wala ukaidi. Nilifurahi, kisha nikakasirika siku kadhaa kwa miaka yote niliyoipoteza nikijiita mjinga, kisha nikarudi shambani.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kama umeumbwa kama mimi, acha kucheka jambo usilolielewa. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilinifichua mbele ya maiti ya mama yangu. Sema, "Sijaelewa, nieleze." Kuuliza si ujinga, na methali hiyo nimeipima mwenyewe, ni ya kweli. Tena usiwe na mtu mmoja tu anayekujua. Mimi nilikuwa naye mmoja, akafa, na siku aliyokufa ndiyo niliyomhitaji zaidi. Waambie wawili, watatu, wangali hai.

Na kama hukuumbwa kama mimi, siku ukikaa matangani ukaona binti hana machozi, anasugua sufuria iliyokwisha kutakata, usimpime moyo kwa macho yake. Sogea karibu, umwambie kinachofuata.

Mungu akupe watu wa kukueleza mambo waziwazi, na watakapokosekana akupe ulimi wa kuuliza. Asikufungie mtu mlango siku ya kumzika mzazi wako. Na ukifungiwa, mwanangu, akuletee mtu wa kuufungua.